KILIMIA NA MAFUNGU YA KALE: Juu ya Kudumu kwa Mafungu ya Nyota, kwa Mfano wa Anga la Dodoma

Katika nyota zilizopewa majina na wasemaji wa lugha za Kibantu, ni chache zilizoenea kwa jina moja kama Kilimia. Neno hili limetoka katika kitenzi kulima, kwa umbo lake la kutendea, kulimia. Na maana yake ni kitu cha kulimia, yaani alama ambayo mkulima huishika apate kujua majira ya jembe. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha chini ya uongozi wa Frederick Johnson imelitia neno hili kwa maana hiyo hiyo. Mbali sana na pwani, Wazulu na Waxhosa husema isiLimela, na Wasotho husema selemela. Na kwa Waxhosa mwanamume huhesabu miaka ya utu uzima wake kwa kuhesabu mara ambazo nyota hizo zimerudi tangu atoke jandoni. Lugha zilizotengana kwa safari ya maelfu ya maili zikishika neno moja, kwa mzizi mmoja na maana moja, yafaa kudhani kwamba neno hilo lilikuwapo kabla hazijatengana. Kwa hiyo Kilimia ni neno la kale, na yumkini ni la kale kuliko Kiswahili chenyewe.

Walakini kitu kilichopewa jina hilo la kale ni kichanga. Nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja yapata miaka milioni 100 na kitu iliyopita. Umri huo ni mkubwa kwa hesabu ya binadamu, lakini kwa hesabu ya mbingu ni mdogo. Wale wanyama wakubwa ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Walikufa na kufukiwa na udongo kabla Kilimia hakijawaka. Na vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Dodoma ni sehemu ya gamba la kale la ardhi ambalo umri wake umepita miaka milioni 2,500. Mkulima wa Dodoma akikaa juu ya jiwe na kutazama Kilimia, jiwe alilolikalia ni la kale kuliko nyota anazozitazama kwa zaidi ya mara ishirini.

Tena Kilimia hakitadumu. Kwa makisio ya wataalamu, baada ya miaka milioni 250 hivi nyota zake zitakuwa zimetawanyika, na hakuna jicho litakaloweza kuzitambua kuwa ziliwahi kuwa pamoja. Ilhali katika anga hilo hilo yapo mafungu mengine, hafifu kwa macho, yasiyo na jina katika Kiswahili, ambayo yamekaa pamoja kwa miaka zaidi ya bilioni 10. Makala hii yakusudia kueleza kwa nini fungu moja hutawanyika na jingine likadumu. Katika kueleza hayo itaonekana pia kwamba jambo hili haliwezi kusemwa sawasawa katika Kiswahili pasipo kutenga maana za maneno mawili yanayotumiwa kila siku kana kwamba ni mamoja: kundi na fungu.

I. Kundi na Fungu

Mtu akitazama mbingu huona nyota zilizo karibu karibu, naye huziunganisha kwa macho. Hivyo ndivyo zilivyopatikana buruji kumi na mbili za wanafalaki, tangu Hamali na Thauri hata Dalu na Hutu. Buruji ni kundi tu. Nyota zake zimekutana machoni pa mtazamaji kwa sababu ya mahali alipo, wala hazina ujamaa zaidi ya huo; moja yaweza kuwa karibu na nyingine nyuma yake kwa masafa makubwa mno.

Mfano mzuri uko katika Thauri, buruji ile ile yenye Kilimia. Hapo yuko Dabarani, nyota kubwa yenye rangi ya machungwa, na pembeni mwake zimetandazwa nyota nyingine ndogo kwa umbo la pembe, ambazo Wayunani waliziita Hyades. Kwa macho zote ni kundi moja. Lakini Dabarani iko umbali wa miaka ya nuru 65 hivi, na zile ndogo ziko umbali wa miaka ya nuru 150. (Mwaka wa nuru ni masafa ambayo nuru huyapita kwa mwaka mmoja, karibu kilometa milioni milioni tisa na nusu.) Dabarani ni mpita njia tu. Zile ndogo ndizo zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja, zinakwenda upande mmoja kwa mwendo mmoja, na zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Hizo ni fungu.

Basi tofauti yafaa iwe hii: kundi la nyota ni zile zinazoonekana pamoja, na fungu la nyota ni zile zilizo pamoja. Waandishi wa siku hizi wamekwisha kuzoea kundinyota kwa maana ya kwanza, na wengine wameanza kutumia fungunyota kwa maana ya pili. Desturi hiyo ni njema na yastahili kushikwa. Liko pia neno kichala, ambalo watu wa Dodoma, nchi ya zabibu, wanalijua vizuri. Kichala kina uzuri wake, kwa maana zabibu zake zimetoka katika kikonyo kimoja. Ila hapo hapo ndipo linapopotosha: zabibu zinashikwa na kikonyo, lakini nyota hazina kikonyo, wala uzi, wala ukuta. Zinashikwa na mvutano wao tu, kila moja ikizivuta nyingine zote. Fungu halidai kikonyo. Zaidi ya hayo, watu wa pwani huita fungu ile rundo la mchanga lililo baharini, ambalo maji yakipwa huonekana na yakijaa hufunikwa, na ambalo kila bamvua hulipunguza kidogo. Kama itakavyoonekana mbele, hali ya fungu la nyota ndani ya galaksi haiko mbali na hiyo.

Mafungu nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mafungu ya wazi, kama Kilimia na lile la Thauri: nyota mia chache hata elfu chache, zilizotawanyika bila umbo maalumu. Haya yamo ndani ya bamba la galaksi, yaani ule mkanda mweupe ukatao anga usiku, Njia Nyeupe, ambamo Jua nalo limo. Ya pili ni mafungu ya tufe: nyota makumi ya elfu hata mamilioni, zilizosongamana kwa umbo la mviringo kama tufe. Mafungu ya wazi yanayojulikana ni maelfu. Ya tufe, katika galaksi hii yetu, ni zaidi kidogo ya 150 tu. Ya wazi karibu yote ni machanga. Ya tufe yote ni mazee.

II. Namna ya Kujua Umri

Yafaa kueleza jinsi umri huo unavyojulikana, kwa maana hakuna aliyeshuhudia uzazi wa nyota hizo. Nyota ni moto unaokula akiba yake. Nyota kubwa ina akiba nyingi, lakini huila kwa haraka kupita kiasi. Rangi yake ni ya samawati, na maisha yake ni miaka milioni chache tu. Nyota ya kadiri ya Jua huishi miaka bilioni 10 hivi. Nyota ndogo nyekundu hula kidogo kidogo, nayo huishi zaidi ya umri wote wa ulimwengu ulivyo sasa.

Maadamu nyota za fungu moja zilizaliwa wakati mmoja, mtazamaji hutafuta ni zipi zilizokwisha kufa. Kilimia kingali na nyota za samawati zing'aazo. Kwa hiyo ni kichanga. Katika fungu la Thauri za samawati zimekwisha, na umri wake ni yapata miaka milioni 650. Katika mafungu ya tufe zimekwisha hata nyota za kadiri ya Jua, zimebaki ndogo za manjano na nyekundu, pamoja na zile kuu zilizovimba kwa uzee. Na umri wake hupatikana kuwa kati ya miaka bilioni 10 na 13. Huo ni karibu umri wa galaksi yenyewe.

III. Yanayoliangamiza Fungu

Hatari ya kwanza humkuta mtoto angali mchanga. Nyota huzaliwa ndani ya wingu kubwa la gesi na vumbi, na sehemu kubwa ya uzito unaozishika pamoja si nyota zenyewe bali ni gesi iliyobaki. Nyota kubwa zikisha kuwaka, upepo na mwanga wake huifukuza gesi hiyo. Uzito ukiondoka ghafula, mvutano hupungua, na nyota ambazo zilikuwa zikizunguka kwa salama hujikuta zina mwendo mkubwa kuliko unavyoweza kuzuiwa. Charles Lada na Elizabeth Lada walionyesha mwaka 2003 kwamba katika mafungu yanayozaliwa ndani ya mawingu, ni chini ya moja katika kumi linalotoka humo likiwa bado limeshikamana. Kilimia chenyewe, basi, ni katika wachache waliopona utotoni.

Hatari ya pili imo ndani ya fungu lenyewe, wala haina dawa. Nyota zinapopitana huvutana, na kila zinapovutana hubadilishana mwendo: moja hupata, moja hupoteza. Baada ya mapito mengi, nyota nzito huelekea katikati, na nyepesi husukumwa pembeni. Mara kwa mara moja hupata mwendo wa kutosha, ikatoka isirudi. Jambo hili laweza kulinganishwa na maji katika chungu kilicho wazi juani: hakuna aliyeyamwaga, lakini kila siku yamepungua. Viktor Ambartsumian mwaka 1938 na Lyman Spitzer mwaka 1940 ndio waliokuwa wa kwanza kulifanyia hesabu. Katika fungu la nyota mia chache uvukizi huu hulimaliza kwa muda wa miaka milioni mia chache. Katika fungu la nyota milioni moja, kila nyota huvutwa na halaiki yote kwa jumla zaidi kuliko na jirani yake mmoja mmoja, na kazi hiyo huenda polepole mno. Hapo ndipo wingi unapokuwa ngao.

Hatari ya tatu yatoka nje, nayo ni galaksi. Mwezi na Jua huyavuta maji ya bahari, na upande ulio karibu huvutwa zaidi kuliko ulio mbali; ndiyo sababu ya kupwa na kujaa. Galaksi nayo hulivuta fungu vivyo hivyo. Nyota iliyo upande wa kuelekea kitovu cha galaksi huvutwa zaidi, na iliyo upande wa nyuma huvutwa kidogo. Fungu likanyooshwa pande mbili, na nyota zilizo pembeni zikachukuliwa. Kwa hiyo kila fungu lina mpaka usioonekana: ndani ya mpaka nyota ni za fungu, nje yake ni za galaksi. Kadiri fungu linavyokuwa zito na lilivyo mbali na kitovu, ndivyo mpaka wake unavyokuwa mpana.

Hatari ya nne ni mawingu. Ndani ya bamba la galaksi yamo mawingu ya gesi yenye uzito wa Majua laki moja na zaidi. Fungu la wazi likipita karibu na wingu kama hilo hutikiswa vibaya, nyota zake zikapata mwendo mpya kwa pamoja. Spitzer alieleza mwaka 1958 kwamba mitikiso hiyo yatosha kuwa sababu ya kukosekana mafungu makuu ya umri katika bamba. Mwaka 1971 Roland Wielen alihesabu mafungu yaliyo jirani na Jua kwa kufuata umri wake, akaona kwamba nusu yake hutoweka kabla ya kufikisha miaka milioni 200 hivi.

Ushahidi wa kutoweka huko umeonekana wazi katika miaka ya karibuni. Chombo cha Gaia, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwezi wa Desemba mwaka 2013, na kilichoendelea kupima mpaka Januari 2025, kilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Kwa vipimo vyake, mwaka 2019 ilionekana kwamba fungu la Thauri lina mikia miwili mirefu ya nyota, mmoja ukitangulia na mmoja ukifuata. Nyota za mikia hiyo zimekwisha kutoka katika fungu, lakini bado zinakwenda njia moja nalo, kama ng'ombe waliotoka bomani wakashika njia ya malisho kabla ya wenzao. Muda ukipita njia zitaachana.

IV. Yaliyodumu

Ikiwa maadui ni hao, basi sifa za kudumu zajulikana. Fungu litakalodumu lapasa kuwa zito, na kusongamana, na kupita mahali pa salama. Sifa hizo tatu hazina uzito sawa kwa kila fungu, na mifano yake yaonyesha jinsi moja iwezavyo kuifidia nyingine.

Mfano wa kwanza ni Messier 67, iliyo katika buruji ya Saratani, umbali usiopungua sana miaka ya nuru 2,800. Hili ni fungu la wazi, si la tufe, wala wingi wa nyota zake si wa ajabu; hata hivyo umri wake ni karibu miaka bilioni 4, unakaribia umri wa Jua. Siri yake imo katika mahali. Liko yapata miaka ya nuru 1,500 juu ya usawa wa bamba, ambako mawingu mazito ni haba. NGC 6791, katika anga la kaskazini, ni mfano wa namna hiyo hiyo: umri wake ni yapata miaka bilioni 8, nalo liko juu ya bamba, tena lina nyota nyingi kupita kawaida ya mafungu ya wazi. Mafungu hayo yaonyesha kwamba kuitwa la wazi si hukumu ya kifo cha mapema. Hukumu ni kukaa katikati ya mawingu.

Mfano wa pili ni 47 Tucanae, fungu la tufe lililo umbali wa miaka ya nuru 15,000 hivi. Uzito wake ni karibu Majua milioni moja. Kutoka Jua hata nyota iliyo jirani yake kabisa ni zaidi ya miaka ya nuru minne, na katika nafasi hiyo yote hamna kitu; katika kiini cha fungu kama hili, nafasi ya kadiri hiyo ina nyota maelfu mengi. Msongamano huo hulifanya fungu kuwa gumu kunyooshwa. Nicolas-Louis de Lacaille aliliandika mwaka 1751 alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema, akilidhani ni kiwingu.

Mfano wa tatu ndio mkuu kuliko yote: Omega Centauri, katika nyota za Kantarusi, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Ptolemaio aliliandika kama nyota. Edmond Halley akaligundua mwaka 1677 kutoka kisiwa cha St Helena kuwa si nyota ya kawaida. Na katika mwaka 1826 James Dunlop alilieleza kuwa ni fungu. Uzito wake ni kama Majua milioni 4, na nyota zake hukadiriwa kuwa milioni 10. Tena nyota zake si za kizazi kimoja, jambo lisilo la kawaida kwa fungu. Kwa hiyo wataalamu wengi huamini kwamba si fungu lililozaliwa humu, bali ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na galaksi yetu, ikapokonywa nyota zake za nje, ukabaki moyo tu. Mwaka 2024 zilitangazwa nyota saba zinazokwenda mbio katikati yake kiasi cha kuonyesha kwamba mna shimo jeusi lenye uzito usiopungua Majua 8,200.

Dhana hiyo ya kumezwa haikosi mfano ulio hai. Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi ndogo nyuma ya nyota za Kausi, ambayo sasa hivi inararuliwa na galaksi yetu. Na katika moyo wake limo fungu la Messier 54, lililokuwa limekwisha kuonwa na Charles Messier tangu mwaka 1778. Galaksi ile itakapokwisha kuraruliwa, fungu hilo yumkini litabaki peke yake, kama Omega Centauri ilivyobaki.

Walakini kudumu si kutokufa. Palomar 5, umbali wa miaka ya nuru 75,000 hivi, ni fungu la tufe lililokonda. Mwaka 2001 ilionekana kwamba lina mikia miwili mirefu, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba nyota zilizomo mikiani zimezidi zilizobaki ndani. Kwa hesabu zilizotolewa mwaka 2021, litakwisha kabisa baada ya miaka bilioni moja hivi. Hata Omega Centauri, pamoja na ukuu wake, inapoteza: mwaka 2019 ulitambuliwa mkondo wa nyota uliotoka kwake. Kwa hiyo mafungu 150 na kitu yanayoonekana leo ni mabaki. Hapo mwanzo yalikuwapo mengi zaidi, na nyota za yale yaliyokufa zimetapakaa kati ya nyota nyingine, bila alama ila mwendo wake na mchanganyiko wa madini yaliyomo.

V. Anga la Dodoma

Mji wa Dodoma uko nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya Ikweta, juu ya uwanda ulioinuka yapata meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kutoka Desemba mpaka Aprili, na miezi inayosalia ni ya ukavu. Hali hizi mbili huupa uwanda wa kati nafasi njema ya kutazama jambo lililoelezwa. Kwa kuwa karibu na Ikweta, mtazamaji huona anga la kusini na la kaskazini pia: Omega Centauri isiyoonekana kamwe London, na Messier 13, fungu la tufe maarufu la kaskazini, ambalo Rasi ya Tumaini Jema huonekana chini tu karibu na upeo. Kwa kuwa na kiangazi kirefu, miezi mingi hupita bila mawingu mengi usiku.

Mwenendo wa mwaka ni huu. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, mvua zikiisha, Kilimia huzama magharibi mara baada ya Jua, kisha hakionekani. Mwezi wa Juni huonekana tena, mashariki, kabla ya mapambazuko. Mwezi wa Novemba huchomoza jioni, giza linapoingia, wakati mashamba ya mtama na uwele yanapongojea mvua. Wahenga waliisema hali hii kwa mafumbo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Lakini anga halibaki tupu Kilimia kikiondoka. Katikati ya Juni, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, Omega Centauri hufika juu kabisa ya njia yake upande wa kusini, karibu katikati ya upeo na utosi. Mtu asiye na chombo huiona kama nyota yenye ukungu; mwenye darubini ndogo ya mkono huona duara la weupe. Mwezi wa Julai, karibu na Antares, ile nyota nyekundu iliyo moyo wa Akarabu, lipo fungu la Messier 4, nalo ni katika mafungu ya tufe yaliyo karibu nasi kuliko yote, miaka ya nuru 6,000 tu. Mwezi wa Agosti ni zamu ya Kausi, iliyojaa mafungu ya tufe kuliko sehemu nyingine yoyote ya anga. Kwa kuuona msongamano huo, Harlow Shapley alipata mwaka 1918 kutambua kwamba kitovu cha galaksi kiko upande huo, na kwamba Jua haliko katikati. Mwezi wa Novemba, siku zile zile Kilimia kinapochomoza jioni, 47 Tucanae husimama kusini kati ya saa tatu na saa nne usiku, kando ya kile kiwingu kidogo kiitwacho kwa jina la Magellan. Hapo mtazamaji wa Dodoma aweza kuona kwa usiku mmoja, akigeuza shingo tu, fungu changa litakalotawanyika na fungu la kale lililodumu.

Anga hilo, hata hivyo, halina ulinzi. Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu, na hasa tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kweli, mji umepanuka na taa zake zimeongezeka. Kilimia chaweza kustahimili mwanga wa mji kwa sababu nyota zake ni angavu. Mafungu ya tufe hayastahimili, kwa kuwa weupe wake ni hafifu. Ndiyo hupotea kwanza machoni. Hivyo yale yaliyoshinda miaka bilioni 10 ya galaksi hufichwa na taa za barabarani, na mtazamaji hulazimika kwenda nje ya mji, kuelekea Kondoa au Mpwapwa, apate giza la kutosha.

VI. Hitimisho

Kutokana na haya yote yapatikana mambo mawili. La kwanza ni la elimu ya nyota. Umri mkuu wa fungu si sababu ya kudumu kwake, bali ni matokeo. Fungu hudumu kwa uzito wake, kwa kushikamana kwake, na kwa njia linayopita. Na yale ya kale yanayoonekana leo ndiyo machache yaliyopata sifa hizo kwa kiasi cha kutosha.

La pili ni la lugha. Kiswahili kina jina la fungu moja tu lililo maarufu, nalo ni la fungu changa, kwa sababu ndilo lililomfaa mkulima. Hilo si upungufu. Majina hufuata haja za watu. Lakini haja zimeongezeka, na mwanafunzi wa leo hutakiwa kueleza mafungu ambayo mkulima hakuwa na sababu ya kuyajali. Ataweza kufanya hivyo kwa maneno yaliyomo kinywani mwake tayari, maadamu kundi libaki kuwa la macho na fungu liwe la mvutano. Yakichanganywa maneno hayo, Dabarani itahesabiwa kuwa ndugu wa nyota zisizo zake, na swali la kwa nini fungu hudumu halitakuwa na maana, kwa sababu kundi la macho halina la kulishika wala la kulitawanya. Yakitengwa, mtu yeyote aliyejua Kilimia tangu utoto wake ana mahali pa kuanzia.